Rivyu: siku tatu za "utamaduni wa Liguria", nimekula, nimepanda ngazi, na sasa nanung'unika

Wadau, kabla sijaanza kulalamika ngoja niwape stori moja tuliyopewa siku ya kwanza kabisa ya kifurushi chetu cha utalii pale bandarini Genova, Italia, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini naandika haya bila aibu. Wagenova wana neno lao, mugugno, yaani manung'uniko, kule kuguna-guna kwa mtu asiyeridhika. Wanasimulia kwamba zamani baharia akienda kuandikishwa kazi melini alikuwa anapewa achague mkataba: mshahara mzuri lakini ufunge mdomo, au mshahara pungufu lakini ruksa kunung'unika safari nzima. Na wengi eti walichukua ule pungufu. Mama mdogo wangu aliposikia hivyo alicheka mpaka akashika nguzo, akasema hawa ni ndugu zangu kabisa.

Haya, kifurushi chenyewe. Siku tatu, yuro 395 kwa kichwa, hoteli unajitafutia. Ndani yake kuna mtembeza wageni, tiketi za treni, boti ya siku ya pili, chakula cha mchana mara mbili na darasa la kutwanga pesto, ule mchuzi mzito wa majani ya mrehani. Kampuni siitaji, sina nia ya kumharibia mtu riziki, na kusema kweli siku mbili kati ya tatu zilikuwa tamu mno. Tulikuwa watu 11, mimi na mama mdogo (ana magoti mabovu, kumbukeni hilo, litarudi), wazee wawili wa Kidachi, familia moja, na kaka mmoja wa Argentina ambaye hakuvua jezi ya Boca Juniors siku zote tatu.

Kwa asiyejua, Liguria ni ule ukanda mwembamba wa kaskazini magharibi mwa Italia, umejipinda kama mundu kuanzia mpaka wa Ufaransa hadi kukaribia Toscana, milima iko mgongoni bahari iko miguuni, na katikati hapo ardhi tambarare ya kulima karibu hakuna. Hilo la kukosa ardhi mtembezaji wetu alilirudia kila kona na mwanzo niliona anatuchosha ila baadaye nikakubali, kwa sababu ndo linaeleza kila kitu, kwa nini walienda baharini, kwa nini nyumba zao ni nyembamba na ndefu kwenda juu, kwa nini wanakula majani na dengu, na kwa nini wamejaza milima kuta za mawe.

Mtembezaji wa siku mbili za mwanzo alikuwa mama mtu mzima mzaliwa wa Genova, tulimwita Signora tu. Amebeba mwavuli jua linawaka. Mama mdogo akaniambia muulize, akajibu neno moja, "maniman". Ni Kigenova hicho, maana yake kama huwezi jua, bora tahadhari. Kuanzia hapo mama mdogo akawa nalo mdomoni, kuongeza mkate mfukoni, maniman, kwenda chooni kabla ya treni, maniman.

Siku ya kwanza ni Genova mji mkongwe. Unaingia kwenye caruggi, vichochoro vyao, vingine ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote mbili, nguo zimeanikwa juu, mbingu unaiona kama utepe. Kwenye pembe za majengo kuna vibanda vidogo vya Bikira Maria ukutani, kila pembe wa kwake. Signora alikuwa na tabia moja niliyoipenda sana, hatembei akiongea. Anasimama, anasubiri wa mwisho afike, ndo anasema. Kwa mwenye magoti mabovu hiyo ni heshima kubwa.

Katedrali ya San Lorenzo ina milia myeusi na myeupe kama pundamilia, ila kilichonishika mimi ni kitu kiko ndani upande wa kulia, kombora. Tarehe 9 Februari 1941 meli za Waingereza zilipiga mji kutoka baharini, kombora moja likatoboa ukuta wa kanisa na halikulipuka. Wamelisimamisha palepale hadi leo na maandishi ya kushukuru. Mtoto wa ile familia akauliza je likilipuka sasa hivi, baba yake akasogea nyuma hatua mbili, tukacheka wote.

Kisha Palazzo San Giorgio, jengo lilianza 1260, limechorwa rangi mwili mzima, na kuanzia 1407 kukawa na ile Benki ya San Giorgio ambayo ni kati ya benki kongwe za Ulaya. Hapa Signora alifunguka. Genova na Pisa walikuwa mahasimu, 1284 wakakutana baharini Meloria, Pisa ikapigwa vibaya na mateka wakaletwa Genova wengi mno mpaka ukazuka msemo, anayetaka kuiona Pisa aende Genova. Miaka kama 14 baadaye Genova ikapigana na Venezia, mmoja wa waliodakwa akiwa Marco Polo, na humo gerezani akamkuta mwandishi wa Pisa aitwaye Rustichello, yeye akasimulia mwenzake akaandika, ndo tukapata habari za safari zake. Yaani wafungwa wawili, kila mmoja kaletwa na vita yake, wanapigiana stori kuua muda. Nilikuwa nalijua jina la Marco Polo toka shule ila hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba kitabu kilizaliwa lupango.

Nyumba ya Columbus karibu na lango la kale la Porta Soprana tuliiona kwa nje dakika tano na inatosha. Iliyopo ni ya kujengwa upya karne ya 18, Signora mwenyewe alisema msipoteze hela ya kiingilio nunueni focaccia, mkate wao bapa. Ushauri bora wa siku.

Kilichoniuma siku hiyo ni Via Garibaldi. Hapo pana majumba ya matajiri wa zamani, wanayaita Rolli kwa sababu mwaka 1576 Seneti iliweka orodha ya majumba yatakayopokea wageni wa serikali, maana jamhuri ya Genova haikuwa na ikulu ya kulaza wafalme, kwa hiyo mgeni akija inapigwa kura, bwana fulani zamu yako mlaze huyu mfalme. Majumba 42 yaliingia UNESCO mwaka 2006. Kwenye Palazzo Tursi kuna hadi fidla ya Paganini, yule mpiga fidla maarufu. Sasa ratiba ya kampuni ilikuwa dakika 20 kwa mtaa mzima, bila kuingia hata jumba moja! Tulichungulia nyua kupitia mageti kama wadaiwa. Signora alikuwa anaangalia saa kwa huzuni, nikajua si yeye aliyepanga.

Ila mchana alitulipa. Tukashuka Sottoripa, zile baraza za matao mbele ya bandari, kuna vibanda vya kukaanga samaki na sehemu wanaita sciamadda, neno lenyewe linatokana na mwako wa moto. Kuna tanuri la kuni linaguruma na sinia la shaba pana mno, jamaa anamimina uji mwepesi wa unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni ya kutosha, anasukuma ndani ya tanuri, na ukitoka juu umekuwa rangi ya dhahabu una madoa ya kuungua, chini laini kama kastadi. Hiyo ni farinata. Inakatwa hovyo kwa kisu, unanyunyiza pilipili manga, unakula ikiunguza vidole. Hadithi yake nayo inarudi Meloria, eti meli za Genova zikirudi zilipigwa na dhoruba, mapipa ya mafuta na magunia ya dengu yakapasuka yakachanganyika na maji ya bahari, mabaharia kwa njaa wakaanika ule uji juani wakaula, na wakauita dhahabu ya Pisa kuwadhihaki. Signora akasema ni hadithi tu msiiapie, lakini mkiwa mnakula iaminini. Nilikula vipande vinne.

Sasa darasa la pesto, hapa niacheni niseme kwa kirefu maana kwangu ndo lilikuwa thamani ya hela yote. Jikoni pa nyumba ya kawaida, ghorofa ya nne, vinu vya marumaru sita mezani, kila kimoja kina masikio manne nje na mchi wa mti. Majani ya mrehani ya Prà, kitongoji cha Genova, majani madogo kama kucha ya kidole gumba, na wanataka machanga hivyohivyo kwa sababu ukiacha yakue yanaanza harufu ya mnanaa. Mrehani wa Genova una ulinzi wa jina Ulaya tangu 2005, hawana utani. Unaanza na kitunguu saumu na chumvi ya mawe, unasaga mpaka iwe krimu, unatia majani kidogo kidogo, mbegu za msonobari, jibini ya Parmigiano na ile ya kondoo ya Sardinia, mafuta ya zeituni mwisho kabisa.

Mama mdogo akaona kinu, akaona mchi, akakunja mikono ya gauni. Yaani huyu ni mtu wa kutwanga toka ana miaka saba. Akapiga, du! Meza ikaruka, glasi ya Mdachi ikamwagika. Signora akaja mbio, akamshika mkono kwa juu, "piano, piano", taratibu. Kumbe hutwangi. Unasokota. Mchi unauzungusha ukipondea majani kwenye ukuta wa kinu, na mkono wa pili umeshika sikio la kinu unakizungusha upande wa kinyume, kinu kinaenda kushoto mchi unaenda kulia. Jani linachanika halipondeki, na halipati joto, kwa hiyo rangi inabaki kijani kibichi, mashine yenye visu inalichemsha linakuwa kijani cha matope. Mama mdogo akakasirika dakika moja hivi, akanong'ona mimi nifundishwe kinu na mzungu. Dakika ya kumi alikuwa anazungusha macho kafumba, na kinu chake kilikuwa bora kuliko vyote, Signora alionja akambusu mashavu yote mawili. Pale Palazzo Ducale kila baada ya miaka miwili wana mashindano ya dunia ya pesto kwa kinu, yalianza 2007, washindani 100. Mama mdogo ameshauliza fomu inajazwaje.

Tukala na trofie, tambi fupi zilizosokotwa, zimechemshwa sufuria moja na viazi na maharage machanga. Pesto haiwekwi motoni, kosa la jinai hilo, unailegeza na kijiko cha maji ya tambi basi.

Na yule wa Argentina, karibu nisahau. Signora alipoona jezi akamuuliza unajua kwa nini mnaitwa Xeneizes? Akasema ndo jina letu tu. Kumbe Zeneize ni Mgenova kwa Kigenova, maana mtaa wa La Boca kule Buenos Aires ulijaa wahamiaji wa Genova wakaacha jina kwenye timu. Kaka wa watu akanyamaza, akaangalia jezi yake kama kaivaa leo. Kisha akauliza na nyie mna timu? Wee! Genoa ya mwaka 1893, iliyoanzishwa na Waingereza wa bandarini, ndo maana jina la klabu limeandikwa kizungu Genoa na si Genova. Wamegawanyika na mashabiki wa Sampdoria, timu nyingine ya mji, hadi ndani ya nyumba moja.

Siku ya pili Camogli, treni kutoka Genova si mbali. Nyumba ndefu za rangi za machungwa na waridi zimejipanga ufukweni, na nusu ya madirisha ni ya kuchorwa! Mapambo, vizuizi vya mbao, hadi paka kakaa dirishani, yote rangi tu ukutani. Nilisimama nikimwita paka. Wanasema jina la mji ni nyumba ya wake, kwa kuwa wanaume walikuwa baharini miaka nenda rudi, ingawa maelezo mengine ya jina yapo. Kwenye kanisa la Boschetto mabaharia walionusurika walileta picha za meli zao zikizama, ukuta mzima wa dhoruba, na ukizisoma moja moja koo linakauka. Na ukutani mjini kumetundikwa kikaango, mpini wake mrefu kama mlingoti, upana wake karibu mita 4, ni cha sikukuu ya samaki ya Jumapili ya pili ya Mei, wanakaanga samaki hadharani toka 1952.

Boti ikatupeleka San Fruttuoso, abasia, yaani makao ya zamani ya watawa, iliyojificha kwenye ghuba ndogo, hakuna barabara, ni boti au miguu yako. Makaburi ya ukoo wa Doria yapo humo, milia ileile ya nyeusi nyeupe. Chini ya maji hapo nje, mita kama 17, kuna sanamu ya shaba ya Kristo kanyanyua mikono juu, iliwekwa 1954, na mwishoni mwa Julai wapiga mbizi hushuka usiku kumpelekea shada. Sisi tuliona nakala kanisani. Bahari ilichafuka kidogo wakati wa kurudi tukasubiri boti saa nzima na nusu na hakuna aliyelalamika, Signora alitoa mfuko wa focaccia aliouficha. Maniman.

Siku ya tatu sasa. Cinque Terre. Signora hayupo, kaletwa kijana mwenye kibendera na spika ya mkononi, anatembea kama anadaiwa. Vijiji vitano kwa siku moja, Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola, Riomaggiore. Kwenye tangazo la kampuni imeandikwa "matembezi mepesi kwa rika zote". Tunafika stesheni ya Corniglia, kijiji kiko juu kwenye jabali, pekee kati ya vitano ambacho hakigusi bahari, na kupanda huko kuna ngazi inaitwa Lardarina, mikunjo 33, ngazi 382. Kijana akapunga kibendera akaanza kupanda. Mama mdogo akaangalia juu, akaniangalia mimi, akasema mwanangu nenda utanikuta nimeiva. Nikakataa kumwacha. Tulipanda dakika 50, tukipumzika kila mkunjo, na tulipofika juu tukakuta nini? Kibasi! Kuna kibasi cha kutoka stesheni hadi kijijini, kinaenda na kurudi, na kadi ya hifadhi ya Cinque Terre tuliyokuwa nayo mfukoni inakilipia. Kijana anasema alidhani tunajua. Grupu lilikuwa limeshamaliza kijiji, wanashuka.

Halafu Via dell'Amore, ile njia iliyochongwa jabalini kati ya Riomaggiore na Manarola, ilifungwa 2012 baada ya mawe kuangukia watalii, ikafunguliwa tena 2024 baada ya matengenezo ya miaka na miaka, na sasa unaingia kwa tiketi ya saa maalum. Kampuni haikukata. Kwenye tangazo picha ya kwanza ni hiyo njia! Tulipiga picha na geti.

Lakini sitaisema vibaya siku nzima, kwa sababu kitu bora kabisa cha Cinque Terre nilikipata kwa bahati ya uchovu. Juu ya Manarola mama mdogo alikaa kwenye ukuta mfupi wa mawe wa shamba la mizabibu, mara mzee mmoja akapiga kelele kutoka chini, tukadhani tumeingia pasipo ruhusa. Akaja, akamtoa kwa adabu, akatuonyesha: mawe hayana saruji wala udongo, yamekaliana tu, ukikaa vibaya unasogeza moja na mvua ijayo inabomoa yote. Akachukua jiwe, akalizungusha mkononi mara tatu nne, akaligonga pembe kwa nyundo, likaingia kwenye pengo kama jino. Nyuma ya ukuta anajaza kokoto ili maji yapite yasisukume. Mlima mzima umekatwa matuta hivyo, karne kwa karne, kwa mikono, na zabibu zinashushwa kwa vireli vidogo vyenye meno kwa sababu mteremko trekta haisimami. Ndo sababu UNESCO iliandikisha eneo 1997, si kwa ajili ya zile nyumba za rangi za kupigia selfi peke yake. Vijana wakiacha mashamba kuta zinaanguka, na kuta zikianguka mlima unateremka. Oktoba 2011 mafuriko ya matope yaliifukia Vernazza na Monterosso, watu wakafa. Mzee alieleza kwa mikono zaidi, kijana alitafsiri sentensi mbili akasema treni, treni.

Mzee akampa mama mdogo kikombe kidogo cha sciacchetrà, mvinyo mtamu wa zabibu zilizokaushwa, akampangusia jiwe kubwa la pembeni akae hapo badala ya ukutani.

Sasa maksi. Siku mbili za Signora nyota tano, na chakula tano. Siku ya tatu nyota mbili, moja ya mandhari na moja ya yule mzee, ambaye si mfanyakazi wao. Kama unaenda, omba siku mbili za kwanza tu kama watakuuzia hivyo, Cinque Terre nenda mwenyewe kwa treni, lala huko usiku mmoja, chagua vijiji viwili, tiketi ya Via dell'Amore kata mapema mtandaoni na Corniglia panda kibasi. Viatu vya soli nzuri, sendo hazifai kwenye zile njia. Pesa taslimu kidogo kwa ajili ya focaccia, na ukiipata asubuhi ichovye kwenye kapuchino kama wao, najua inasikika vibaya, mkate wa mafuta na chumvi ndani ya kahawa ya maziwa, mama mdogo alisema ni laana siku ya kwanza na siku ya nne alikuwa ananichovyea na ya kwangu.

Niliiandikia kampuni kuhusu ngazi na lile geti. Wamejibu kwa heshima sana, wameomba radhi, wanatupa punguzo la asilimia 10 kwa safari ijayo. Nikamsomea mama mdogo. Akafikiria, akasema waambie wabaki na punguzo lao, sisi tulisaini ule mkataba mwingine.